CD ya Jumamosi na CD ya Jumapili

Wiki jana kazi ofisini kwetu Homa Bay ilisimama kwa sababu ya filamu. Ni ile ya majambazi, ndefu, inayochukua karibu saa nne kuitazama yote, na kila mtu alikuwa ameimaliza kwa vipande vipande kwenye simu yake. Mwenzangu wa masjala aliapa kwamba tangu azaliwe hajaona kitu kizuri namna ile, na kwamba asiyeipenda hana macho. Mwenzetu wa uhasibu akasema yeye alilala mara mbili, na kila alipoamka aliwakuta watu walewale wamekaa kwenye meza ileile wakinong'onezana, basi akajua hajapitwa na kitu. Dereva alitaka kuambiwa jambo moja tu, kama jambazi mkuu anakufa mwishoni, maana kama hafi hawezi kumaliza bando lake bure. Wakabishana mpaka chai ikapoa vikombeni.

Katikati ya ubishi stima zikapotea. Bawabu akawasha jenereta, na harufu ya petroli ikapanda hadi dirishani kwetu. Mimi napenda ubishi, wanaonijua watawaambia, lakini hapo niliacha kusikiliza. Harufu ile ilinirudisha Mbita, kwenye benchi la mbao lisilo na mgongo, nikiwa na miaka tisa, nikitazama filamu nyingine ya majambazi, ndefu vilevile, iliyowagawanya watu wazima niliowajua kuliko kura yoyote ilivyowahi kuwagawanya.

Ninyi wa rika langu mliokulia kando ya ziwa hamhitaji kuelezwa kibanda cha video kilivyokuwa. Chetu kilikuwa cha mabati matupu, madirisha yamezibwa kwa magunia ili mwanga usiingie, na ndani kulikuwa na joto la kuivisha mayai. Jenereta lilinguruma nje, harufu ya petroli yake ikachanganyika na ya omena, dagaa wa ziwani, zilizoanikwa kwenye nyavu ng'ambo ya njia. Mwenye kibanda alikuwa Fundi Owuor, mtengeneza redio, na yeye mwenyewe ndiye aliyetufasiria. Alipunguza sauti ya televisheni, akashika maikrofoni, akatusimulia kila kinachosemwa. Alisimulia kwa Kiswahili kwa sababu Mbita ilikuwa na watu wa kila namna waliofuata samaki, ila akikasirika alirudi kwenye Dholuo bila kujitambua. Kiingereza alikijua kiasi gani sijui hadi leo. Wakati ule niliamini kwamba wale wazungu wanamsikiliza yeye kwanza, ndipo nao wanafungua midomo.

Sinema kibandani zilikuwa na sheria zake. Kulikuwa na steringi na kulikuwa na adui. Steringi hupigwa, hufungwa kamba, hata risasi humpata begani, lakini hafi. Adui hufa mwishoni, tena vibaya, na sisi tunapiga makofi na kwenda nyumbani tumeridhika. Mtu aliyeingia amechelewa aliuliza swali moja tu, "Steringi ni nani?", akishaonyeshwa anakaa. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba inaweza kutokea filamu ambayo swali hilo halina jibu.

Sasa lazima niwaeleze habari za nyumbani, kwa sababu bila hizo filamu ile ingekuwa filamu tu. Majuma mawili kabla yake, kaka mkubwa wa baba alikuwa amerudi kutoka Migori, alikokuwa akivunja mawe ya dhahabu kwa miaka mingi. Nilimwita Baba Mkubwa na sikumjua kwa jina jingine. Alinishonea kiatu changu cha shule kwa kipande cha tairi. Alinifundisha kucheza ajua, bao la kwetu, kwa vishimo tulivyochimba mchangani, akaniacha nimshinde, kisha akajifanya amekasirika na kuzitupa kete zake mbali, nami nikacheka hadi tumbo likaniuma. Alikula polepole, ameizungushia sahani mkono wake wa kushoto kana kwamba kuna mtu atamnyang'anya. Nilidhani watu wote wa Migori wanakula hivyo.

Ufuoni kwetu kulikuwa na mtu mwingine, wa kutishia watoto. Ukichelewa majini mama zetu walisema, "Toka huko, Okoth wa injini atakuchukua." Nilimjua vizuri Okoth wa injini, bila kumwona. Alikuwa na kichwa kikubwa na mikono mirefu ya kufika chini ya mtumbwi. Aliwahi kuwa na genge lililozuia maboti katikati ya ziwa na kung'oa injini, na boti moja kati ya hizo ilikutwa inaelea tupu upande wa kisiwa cha Takawiri, mwenyewe hayumo. Polisi walimkamata, akafungwa, na kwa hesabu yangu alikuwa bado kifungoni au amekufa. Nyinyi mnaosoma mmeshajua kwamba Okoth wa injini na Baba Mkubwa ni mtu mmoja. Watu wote Mbita walijua. Mimi sikujua.

Nilichojua ni kwamba kurudi kwake kulikuwa na shida. Kwetu mdogo hawezi kutoka katika boma la baba yao kwenda kufungua boma lake kama kaka yake mkubwa hajajenga hata kijumba cha udongo pale nyumbani. Baba alikuwa amenunua mchanga na mawe ya nyumba yake mpya, na lundo lile lilikaa nyuma ya jikoni hadi likaota nyasi, akimsubiri kaka yake. Sasa kaka amerudi, na watu wa ufuoni wakasema hapana. Wakasema asijenge, asikae, arudi Migori alikotoka. Waliokuwa upande wake wakasema ameshatumikia kifungo chake, amezeeka, mwacheni. Chifu akaita baraza siku ya Jumanne, waje wote waseme, na yeye akubali kitakachosemwa. Mimi nilitaka Baba Mkubwa abaki kuliko nilivyotaka kitu chochote, na sikuelewa ni nani anaweza kumkataa mtu anayeshona viatu bure.

Filamu ikaja Ijumaa. Fundi Owuor aliileta kutoka Homa Bay mjini, CD mbili ndani ya karatasi moja, akatangaza kwa maikrofoni kwamba hii si ya kumaliza kwa siku moja, ni kubwa mno, jenereta lenyewe lingekufa. CD ya kwanza ataionyesha Jumamosi mchana. Ya pili Jumapili asubuhi, kwa sababu Jumapili mchana kulikuwa na mpira na mpira hauahirishwi. Ulikuwa mpango mzuri, ila Fundi Owuor hakuwa mtu wa kanisa, na katika mahesabu yake yote alisahau kwamba Mbita nzima ni ya makanisa. Jumamosi Wasabato wako kanisani mpaka jua lizame. Jumapili asubuhi wale wengine wako kanisani mpaka mchungaji achoke, na wachungaji wa siku zile hawakuchoka. Kwa hiyo nusu ya mji iliona CD ya kwanza, na nusu nyingine ikaona ya pili.

Nyumba yetu yenyewe ilikuwa imegawanyika hivyohivyo. Baba alikuwa Msabato. Mama alikataa kuliacha kanisa la Jumapili alilozaliwa nalo, basi waligawana watoto, kaka zangu wawili wakawa wa baba na mimi nikawa wa mama. Hivyo Jumamosi nilienda kibandani na mama, na Baba Mkubwa akakaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Mstari wa mbele yetu alikaa Min Achieng', yaani mama yake Achieng', mwanamke mrefu aliyeanika omena, ambaye mama alimsalimia kwa heshima kuliko wengine. Niliambiwa mumewe alifia ziwani akiwa mlevi.

CD ya kwanza ilikuwa ya kijana anayebeba barafu bandarini. Fundi Owuor alimpa jina hapohapo, Kijana wa Barafu, na sisi tuliojua barafu ya samaki tulimpenda mara moja. Kwenye ugomvi wa kwanza mtu alimng'ata sikio likakatika juu. Tukasema ndiye steringi. Halafu Kijana wa Barafu akaingia katika genge. Akamsaliti rafiki yake. Akachoma duka la mikate, na ndani kulikuwa na mwenye duka, na kamera ilibaki kwenye moto ule kwa muda mrefu hadi Fundi Owuor akaishusha maikrofoni. Watu walisubiri adui atokee. Hakutokea. Mzee mmoja akauliza gizani, "Owuor, sasa steringi ni nani?" Fundi akajibu kwenye maikrofoni, "Ngojeni tu." CD ikaisha kijana akiwa amekaa garini, anakula tufaha. Min Achieng' aliinuka, akajifunga leso vizuri, akasema kwa sauti ambayo wote tuliisikia, "Hiyo mtu ni mnyama," akatoka nje.

Jumapili nikamwambia mama kwamba tumbo linaniuma. Naona aliniamini kwa sababu alikuwa amechelewa. Baba Mkubwa ndiye aliyeachwa nyumbani na mimi, naye alinitazama tu, akacheka, akachukua kofia yake. Tulienda pamoja.

Kibanda kilikuwa kimejaa Wasabato. Baba alikuwepo, hakunikaripia. Kwenye CD ya pili alikuwepo mzee mwenye nywele nyeupe, anaishi peke yake katika nyumba kubwa. Fundi Owuor, ambaye sasa alikuwa na watazamaji wapya na hakutaka kuanza kuwaelezea ya jana, alimwita Jaduong', yaani mzee wa heshima, basi. Jaduong' aliwasomesha yatima. Alimbeba mtoto mgonjwa mgongoni kwenye theluji. Alimtembelea dada yake kipofu na kumsomea barua. Ilikwenda hivyo karibu saa mbili. Kijana mmoja mbele yetu akalalamika, "Omera, hii ni video ama ni mahubiri?" na watu wakamwambia anyamaze. Mwishoni Jaduong' anatandika meza, anaweka sahani mbili, anakaa, anamsubiri mgeni. Mlango haufunguki. Maandishi yanaanza kupanda. Wanaume wazima walikuwa wanafuta macho, na wengine walikuwa wanadai mwisho wao kwa hasira. Baba Mkubwa hakufanya lolote kati ya hayo. Alibaki ameketi hata baada ya magunia kutolewa madirishani na mwanga kuingia.

Mimi niliipenda sana, na niliielewa kabisa. Kijana wa Barafu alikuwa mtoto mbaya. Jaduong' alikuwa baba yake, mtu mzuri, anamsubiri mwanawe aje kula, na mwana haji kwa sababu ya ubaya wake. Sikuona gumu liko wapi.

Kufikia Jumatatu Mbita ilikuwa imewaka. Ufuoni, kwenye mashine ya kusaga, kwa mshona nguo, kila mahali ilikuwa filamu. Watu wa kanisa la Jumapili, walioona Kijana wa Barafu, walisema yule mtu angepigwa risasi saa ileile na filamu iishe. Wasabato walisema mnamtukana mzee wa watu. "Amekulisha nini hiyo mzee hadi unamtetea?" "Na wewe amekuchomea nini?" Fundi Owuor alijaribu kueleza kwamba kuna CD mbili, watu wakamwambia ameshakula pesa yao, anyamaze. Na katika kila ubishi ule, baada ya dakika chache, mtu mmoja angesema, "Ndio hiyo tunasema, mtu hawezi kubadilika," na mwingine angejibu, "Kesho kwa chifu tutaona." Nilidhani chifu ataamua habari za filamu. Sikushangaa. Chifu aliamua mambo mengi.

Jioni ile, tukiwa tunakula, ubishi ukaingia nyumbani.

"Baba Ouma, mimi niliona na macho yangu," mama alisema. "Alichoma duka na mtu ako ndani."

"Na mimi niliona na yangu," baba akajibu. "Jaduong' amebeba mtoto wa wenyewe kwa baridi. Huyo ndiye anaweza kuchoma mtu?"

"Mnaniuliza mimi nilikuwa huko?" kaka yangu Ouma akasema walipomgeukia, wakamwambia ale.

Nilikuwa nimekaa karibu na Baba Mkubwa, mahali pangu pa siku zote zile, na furaha ilinijaa, kwa maana nilikuwa na jibu ambalo watu wazima wote wa Mbita walilikosa. Nikawaambia hawana haja ya kugombana. Ni watu wawili. Yule mbaya ni mtoto na yule mzuri ni baba yake.

Hakuna aliyecheka. Baba Mkubwa aliweka chini tonge lake la ugali.

"Atieno nyathina, mtoto wangu, ni mtu mmoja," akasema. "Hukuona sikio? Ya kijana imekatika hapa juu. Ile siku mzee ananyolewa, imekatika hapohapo. Ni miaka tu imepita."

Nikasema haiwezekani.

"Inawezekana. Hata mimi." Alinitazama usoni. "Ile Okoth wa injini mnatishiwa nayo, ni mimi."

"Shemeji, mtoto anakula," mama akasema.

"Wacha ajue. Kesho atasikia kwa chifu. Afadhali asikie na mimi."

Ningependa kuwaambia kwamba nilimshika mkono. Nilichukua sahani yangu, nikahama, nikaenda kukaa nyuma ya mama. Niliogopa mikono yake. Niliitazama mikono ile iliyoshona kiatu changu na nikaona ni mirefu kweli, kama nilivyoambiwa. Baba Mkubwa alimaliza chakula chake, mkono umeizunguka sahani, na mara hii nilielewa kwamba ile haikuwa tabia ya Migori.

Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Jumanne nilienda barazani na mama. Watu walijaa uwanja wa ofisi ya chifu, na bila kuambiwa walikaa kama walivyokuwa wameona, waliotazama CD ya kwanza upande huu, waliotazama ya pili upande ule. Msemaji wa kwanza akaanza na duka la mikate. Wa pili akajibu na yatima. Chifu akavumilia watu watano, kisha akagonga meza kwa fimbo yake.

"Hii si video! Tuko hapa juu ya mtu, na mtu mwenyewe ndiye huyu. Nani anaongea juu ya mtu?"

Min Achieng' akasimama. Hapo mama aliinamisha kichwa, na nadhani wote walijua kwamba maneno yao hayakuwa na kazi mbele ya yake, kwa sababu boti iliyokutwa tupu Takawiri ilikuwa ya mumewe.

"Mimi niliona ya Jumamosi," akasema. "Ya Jumapili nimesimuliwa hadi nimechoka. Eti mtu anakuwa mzuri baadaye. Kama Okoth anataka kukaa hapa, anisimulie yeye. Nisisimuliwe na watu."

Baba Mkubwa akasimama, kofia mkononi. Baba alikuwa amemwandaa usiku kucha. Nilimsikia akimwambia aseme habari za Migori, jinsi alivyomtoa mtu shimoni mgodi ulipoporomoka, jinsi asivyoonja pombe, jinsi alivyomuuguza mwenzake mpaka akapona. Yote yalikuwa kweli, na mashahidi walikuwepo tayari. Baba Mkubwa hakusema hata moja.

"Min Achieng', bwana yako hakuwa amelewa," akasema.

Mama akainua kichwa.

"Alikuwa anatoka Takawiri na omena, peke yake. Tulimshika, tukang'oa injini. Hiyo korti walijua, na nilifungwa. Lakini alikuwa na kasia. Alituomba, akasema, chukueni injini, mniachie kasia nifike kwa watoto. Alikuwa mzima kabisa, anaongea poa. Mimi ndiye niliitoa mkononi mwake nikaitupa mbali, asifike haraka akatuitia watu. Upepo ulikuwa unavuma kwenda nje. Korti hawakuniuliza hiyo, na mimi sikusema. Watu walisema ni pombe, nikawaacha waseme."

Nilimtazama baba. Alikuwa ameziba uso kwa viganja vyote viwili. Alikuwa amelisikia neno lile kwa mara ya kwanza pamoja na sisi wote, na alijua, kama sisi wote, kwamba hakuna mtu tena atakayemtetea kaka yake.

Min Achieng' alijifunga leso yake upya. Hakulia. Alipozungumza alizungumza na watu, si na Baba Mkubwa.

"Mmesikia? Hakuwa amelewa. Watoto wangu wameambiwa hiyo neno shuleni, wameambiwa kanisani. Mmesikia nyote?" Watu wakaitikia kwamba wamesikia. Akamgeukia Baba Mkubwa. "Ero kamano kwa hiyo. Ni hiyo tu nakushukuru. Sasa chifu, mimi nasema hivi. Ajenge. Ndugu yake asifungiwe njia na makosa si yake, na yeye akikufa asikose mahali pa kuwekwa. Lakini asikae. Mimi naanika omena hapo njiani kila siku ya Mungu. Sitaki kuinua kichwa nimwone."

Chifu akauliza kama kuna mwenye neno jingine. Upande huu hawakuwa nalo, na upande ule hawakuwa nalo. Watu walirudi nyumbani wamechanganyika, wakitembea taratibu, na sikumsikia mtu akitaja filamu siku ile wala siku zilizofuata. Fundi Owuor alizirudisha CD zake Homa Bay.

Kijumba kilijengwa kwa siku moja, Alhamisi. Kwetu inakubalika hivyo ikilazimika, alimradi kuna fito, kuna udongo, kuna mlango, na mwenyewe alale humo usiku mmoja. Wanaume wa makanisa yote walikuja kusaidia. Walifanya kazi bila mizaha, wakala, wakaondoka. Baba Mkubwa alikandika ukuta wa mbele mwenyewe. Mara mbili aliniita nimletee maji ya kulainisha udongo, na mara zote mbili alikwenda Ouma, kwa sababu mimi nilikuwa jikoni nikijifanya nasugua sufuria.

Sijui ningewaeleza vipi watu wa umri wangu hofu ile bila kuonekana najitetea. Sikumchukia. Nilimtaka yule wa ajua arudi, na kila nilipomtazama nilimwona mwingine, wa kasia, ana uso uleule. Nilikuwa na hasira naye kwa sababu alisema. Angenyamaza ningebaki naye.

Asubuhi ya Ijumaa mama alinituma nimpelekee Baba Mkubwa chai kabla hajaondoka. Kikombe kilikuwa cha bati, kimejaa, na maziwa mengi. Mlango wa kijumba ulikuwa wazi na nilimwona ndani, amekaa kwenye mkeka, anafunga viatu. Yeye naye aliniona. Kwetu mzee hupewa kikombe mkononi, kwa mikono miwili, umepiga goti kidogo. Nilijua hivyo tangu nikiwa na miaka mitatu. Nilikiweka kikombe chini, mchangani, hatua tatu kutoka mlangoni, nikakimbia.

Nilichungulia nikiwa nyuma ya lundo la mchanga wa baba. Alitoka, akakiangalia kile kikombe, akaangalia upande niliojificha, akainama akakichukua. Alikunywa amesimama. Alikisuuza kwa maji ya mtungi, akakirudisha palepale mchangani nilipokiweka, akavaa kofia, akawaaga baba na mama kwa mkono. Hakuniita. Nadhani hakutaka nilazimike kutoka.

Miaka mingi nimejiambia kwamba nilikuwa mtoto na sikujua nifanyalo. Lakini pale nyumbani mama aliona nusu na baba akaona nusu, kila mtu kulingana na siku yake ya kanisa. Ukimtoa yeye mwenyewe, mimi peke yangu nilikuwa nimeona CD zote mbili, na ndiye niliyemwekea chai chini.